Ua wa mita 6 kwa 8, jua la saa 10 na wageni 12

Washauri, habari za kazi.

Tunaishi Ilazo, hapa Dodoma. Nyuma ya nyumba tuna ua wenye urefu wa mita 8 kutoka kusini kwenda kaskazini na upana wa mita 6. Nyumba iko upande wa mashariki na mlango wa jikoni unafungukia uani. Pande tatu zilizobaki ni ukuta wa tofali wa mita 2 na sentimita 10. Nyuma ya ukuta wa kaskazini ni njia ya mtaa, magharibi ni kiwanja ambacho hakijajengwa, na kusini ni jirani.

Jumapili jioni tunapenda kuita ndugu na majirani, watu 8 hadi 12. Baba watoto anataka nyama ichomwe palepale, mimi nataka pawe pa kukaa mtu akasahau kuondoka, na pawe na kijani. Mwaka juzi tulipanda ukoka ua mzima. Ulipendeza hadi mwezi wa 5. Kufika wa 8 ulikuwa umekauka kama fagio, maana maji ya bomba tunayapata siku mbili kwa wiki. Mvua zikija maji yanatuama chini ya dirisha la jikoni mpaka rangi imeanza kubanduka. Tunakaa barazani pa mlango wa jikoni, na saa 10 jua linawapiga wageni usoni. Upepo nao unaingia kwa kasi kupitia kichochoro cha kusini, kati ya nyumba na ukuta, unamwaga vumbi kwenye sahani. Hatua mbili kutoka mlangoni pana mfuniko wa chemba ya choo.

Fundi anasema dawa ni kumwaga jamvi la zege ua mzima. Jirani anasema nipande mwarobaini katikati. Hela ni ya kudunduliza. Nianze na nini?

Mama Wawili, Ilazo

* * *

Mama Wawili, za huko Ilazo.

Kabla ya fundi na jirani, tatizo la kwanza ni kwamba mnakaa upande usio wenu. Anayekaa mlangoni mwa jikoni anatazama magharibi, na kuanzia saa 9 alasiri jua la Dodoma liko hukohuko. Mahali pa wageni ni ng'ambo ya ua, mgongo ukiwa kwenye ukuta wa magharibi. Ukuta wa mita 2 na sentimita 10 unatoa kivuli cha karibu mita 2 na nusu saa 10 jioni, na saa 11 kivuli kinapita mita 4. Hicho ni kivuli cha bure, hakinywi maji na mchwa hawakili. Jumapili hii chukua kopo la chokaa, saa 10 kamili piga mstari kivuli kinapoishia, rudia saa 11. Ramani ya ua itaanzia kwenye mistari hiyo miwili.

Siku hiyohiyo pimeni na moshi. Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo jiko la nyama linatakiwa kona ya kaskazini-magharibi, moshi uvuke ukuta uende zake. Lakini upepo ukishapita juu ya paa la nyumba huwa unaanguka uani na kuzunguka, na hakuna anayeweza kuujua mzunguko huo kwa kuukisia. Wekeni karai lenye makaa na majani mabichi kwenye kona hiyo, saa 10 na saa 12 jioni, kwa siku mbili tofauti. Moshi ukirudi kwenye viti, sogezeni karai nusu mita nusu mita kuelekea mashariki, mkifuata ukuta wa kaskazini, mpaka moshi upae juu. Kazi hii ifanyike kabla ya kununua hata tofali moja. Majiko mengi ya kujengea yaliyogeuzwa stoo ya ndoo yalijengwa pasipo mtu kuutazama moshi.

Sasa fundi na jamvi lake. Zege la sentimita 10 kwenye ua wote ni karibu mita 5 za ujazo, na hiyo ndiyo hela yenu yote. Litashika joto mchana kutwa na kuwarudishia wageni miguuni jioni. Litaifunika chemba, na siku choo kitakapoziba mtavunja. Kubwa zaidi, halitanywa tone la mvua. Mvua moja ya milimita 40 inaangusha kwenye ua wenu lita 1,920, karibu madumu 96 ya lita 20, na yote yatatafuta mahali pa kwenda. Mahali penyewe mnapajua: chini ya dirisha.

Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye maji. Fungeni gata kwenye paa la upande wa uani na mshushe bomba kwenye tanki. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Nusu ya paa yenye mita za mraba 60 hivi, hata ukiondoa inayomwagika na ya kuoshea vumbi la kwanza, inakusanya zaidi ya lita 25,000 kwa msimu. Tanki la lita 5,000 litajaa kwa mvua tatu kubwa. Halimalizi kiangazi, ila linabadilisha kabisa hesabu ya bustani, kwa sababu maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi na ya mvua hayana.

Halafu mteremko. Mita moja ya kwanza kutoka ukuta wa nyumba ishuke sentimita 2 kuukimbia ukuta. Baada ya hapo ua wote ushuke kuelekea kaskazini, sentimita 1 na nusu kwa kila mita, yaani sentimita 10 hivi kutoka kusini mpaka kwenye kitalu cha maua. Pigeni vigingi, vuteni uzi, tumieni mpira mwembamba wa maji kuhamisha usawa kutoka kigingi hadi kigingi. Pima maji fupi ya fundi inatosha kwa kozi ya tofali, lakini kwa mita 8 itakudanganya.

Kitalu chenyewe kiwe kando ya ukuta wa kaskazini, urefu mita 3 na nusu, upana mita 1, kikiishia mita 1 kabla ya kufika ukuta wa nyumba ili msiloweshe msingi. Udongo wake ukae sentimita 10 chini ya pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandika chini. Watu wengi hunyanyua vitalu na kuvizungushia tofali, inapendeza machoni, lakini mahali pakavu kama hapa kitalu kilichonyanyuka kinakauka haraka na mvua inakipita pembeni. Kilichozama kinakunywa kila kinachoanguka uani. Mvua ikizidi, bomba la inchi 4 lililopitishwa kwenye tundu la ukuta, midomo yake ikiwa sentimita 8 juu ya udongo, litoe maji njiani. Liwekeni wavu, vinginevyo mmewafungulia panya geti.

Pevingi ziwe sehemu mbili tu: mahali pa kukaa, mita 5 kwa 3 na nusu, kuanzia kona ya kusini-magharibi, na kijukwaa cha jiko cha mita 1 na nusu kwa 1 na nusu. Jumla ni mita za mraba 20 hivi. Pevingi za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo chukueni 1,050. Hizo 50 za ziada ni za kukatwa na kuvunjika. Unene sentimita 6 unatosha, gari halipiti hapo.

Chimbeni sentimita 20. Sentimita 10 za chini ni moramu, ule udongo wa changarawe, mwagieni maji na kushindilia kwa mashine katika tabaka mbili. Nunueni mita za ujazo 2 na nusu, maana ikishindiliwa inapungua. Juu yake mchanga sentimita 4, mita 1 ya ujazo inatosha, usawazishwe kwa ubao na usikanyagwe tena. Kisha pevingi. Fundi akichoka kushindilia moramu atataka kuficha mashimo kwa mchanga mzito, na hapo ndipo kazi inapoharibika: mchanga wa sentimita 8 unasogea, na baada ya masika mbili kiti cha plastiki kitakuwa na mguu mmoja bondeni. Kosa la pili ni kuacha pembeni wazi. Kila ukingo usioegemea ukuta uwe na mkanda wa zege wa sentimita 10 kwa 15, kilele chake kikiwa sentimita 1 chini ya pevingi. Bila mkanda, pevingi za mwisho zinatembea, na zikitembea za mwisho, za katikati zinafuata. Mapengo yajazwe mchanga mkavu laini kwa fagio, kisha mashine ipite mara moja na kumwagia. Fundi akileta saruji ya kuziba mapengo, mkatazeni: itapasuka, na pevingi haitang'oka nzima tena.

Sehemu iliyobaki wekeni kokoto za nusu inchi, unene sentimita 5, juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Chemba itabaki humo; inueni shingo yake usawa wa kokoto, na mfuniko uwekewe chungu pana chepesi ambacho mtu mmoja anakihamisha. Kutoka mlangoni hadi kwenye viti pangeni mawe bapa, kila moja hatua moja ya mtu aliyebeba sinia, sentimita 55 hivi kutoka kati ya jiwe hadi kati ya lingine. Mawe Dodoma hayana shida. Viti msiweke kwenye kokoto, vinazama, na mwenye viatu vya kisigino hatakusameheni.

Kwenye viti, ushauri wetu ni baraza la kujengewa, la zamani kabisa, kando ya ukuta wa magharibi: mita 4, na mkono wa mita 1 na sentimita 80 kando ya ukuta wa kusini. Mtu mmoja anahitaji sentimita 60, kwa hiyo hapo wamekaa 9 bila kubanana; viti vinne vya plastiki vikiongezwa mmeshapita wageni 12. Kimo ni sentimita 45, kina sentimita 48. Kozi mbili za tofali za inchi 6, mbele na nyuma, halafu bamba la zege la sentimita 6 lenye nondo nyembamba. Tofali 60 zinatosha. Liachieni upenyo wa sentimita 2 na ukuta wa uzio, kwa kuwa misingi miwili haititii sawa na mkiviunganisha ufa utatokea kwenye plasta. Uso wa baraza ulale sentimita 1 kuelekea mbele, maji ya mvua yasilale juu. Zibeni ncha zote. Mkiacha tundu mtakuwa mmewajengea nge nyumba ya kupanga.

Kivuli cha mchana, kwa wale watakaofika saa 7, kinataka kichanja juu ya baraza: mita 4 kwa 3, kimo mita 2 na sentimita 40, nguzo nne za skwea paipu, chuma cha pembe nne, ya inchi 2. Kila nguzo iingie sentimita 60 kwenye shimo la sentimita 40 kwa 40 lenye zege. Mifuko mitatu ya saruji kwa nguzo zote, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Zege litokeze juu ya ardhi kidogo na liwe na mgongo, maana chuma huanza kuoza pale maji yanaposimama shingoni mwake. Mirunda ni rahisi zaidi, na mchwa wa Dodoma wanalijua hilo. Mtu atawaambia mpake oili chafu. Inaharibu udongo mnaotaka kuoteshea. Na kichanja kisifungwe kwenye ukuta wa uzio hata kwa msumari mmoja. Ukuta ule haukujengwa kuvutwa na upepo.

Juu ya kichanja pandeni zabibu, hapa ni kwao. Miche miwili, mmoja kila nguzo ya mashariki, ipate jua la asubuhi, na waya wa geji 12 uliovutwa kila sentimita 40. Ulizeni mche wa zabibu za mezani. Makutupora Red inayojulikana sana hapa ni ya mvinyo. Mjue mnachokubali: zabibu Dodoma hukatwa matawi mara mbili kwa mwaka, na kila mkikata kivuli kinaondoka kwa wiki kadhaa. Masika ukungu unashika majani na itabidi kupuliza dawa, na matunda yakiiva nyigu watakuja kabla ya wageni. Asiyetaka kazi hiyo apande bogenvilia, ila aielekeze mbali na vichwa, ina miiba. Miaka miwili ya kwanza mmea wowote haufuniki. Tandazeni neti ya kivuli ya asilimia 70, ile ya kijani ya kwenye vitalu vya miche, ifungwe kwa kubana kila nusu mita. Neti iliyolegea inapigwapigwa na upepo wa mwezi wa 8 mpaka inachanika. Isikaribie jiko chini ya mita 2. Ni plastiki, cheche moja inatosha.

Kichochoro msikizibe kwa geti la bati. Upepo ukikutana na kitu kizima unaruka juu na kuangukia nyuma yake kwa fujo zaidi, na vumbi lake. Wekeni fremu ya mianzi au mabanzi, upana wa banzi na upana wa nafasi vikilingana, kimo mita 2. Nusu ya upepo inapita ikiwa imechoka. Ukipita hapo na mkono mbele utaihisi tofauti.

Jiko lenyewe ni pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, wavu ukiwa sentimita 85 kutoka chini, usawa wa kiuno cha mchomaji. Jirani yake, kuelekea kitaluni, wekeni bomba la kunawia. Hili wengi hulisahau, matokeo yake birika na beseni vinazungushwa kati ya miguu ya watu. Maji ya kunawa yaingie moja kwa moja kitaluni. Majivu yasiingie: udongo unaonyweshwa maji ya chumvi hauhitaji kuongezewa magadi.

Mwarobaini hapana. Ni mti mzuri, ila ua huu ni mdogo kwake, na mizizi yake itaifuata chemba na mabomba. Kama jirani anaupenda, apande kwake, mita kadhaa mbali na shimo la choo.

Kuhusu ukoka, hakukuwa na kosa lenu katika kuutunza. Kiangazi cha hapa, majani mabichi yanataka lita 5 hivi kwa mita ya mraba kila siku. Kwa mita 48 za ua wenu ni debe 12 kila siku ya Mungu. Mimea minane ya kitaluni inaishi kwa lita 20 kwa mmea kwa wiki, lita 160 zote pamoja. Chagueni aina chache: komamanga moja katikati, alovera na mkonge-pori mbele, mchaichai na mrehani karibu na bomba la kunawia ili mkono ukipita unukie, na yasmini moja karibu na baraza kwa ajili ya usiku. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo debe mbili kwa debe moja ya samadi ya mbuzi iliyooza kweli. Mbichi inaunguza mizizi. Mwagilieni mara mbili kwa wiki kwa wingi, msinyunyize kila siku: maji kidogokidogo yanaacha chumvi juu, na mtaiona kama unga mweupe na ncha za majani zilizoungua. Juu ya udongo tandazeni kokoto, nyasi kavu zinaita mchwa.

Taa ziwe za njano na ziwe chini, usawa wa baraza. Moja nyeupe kali iwekwe mbali, upande wa chemba, kwa ajili ya kumbikumbi wa mvua za kwanza. Wataikimbilia hiyo na kuiacha supu yenu.

Kwa hela ya kudunduliza, mpangilio ni huu: gata, tanki na mteremko kwanza, halafu pevingi na mashimo ya nguzo siku zilezile ili msibomoe, kisha baraza. Kichanja kinaweza kungoja mwaka. Yote yafanyike wakati wa kiangazi, moramu ikiwa kavu. Mimea nunueni mwisho kabisa, mvua ya pili ya Desemba ikishanyesha. Msiamini ya kwanza, mara nyingi inanyesha siku moja kisha jua linarudi wiki mbili.